Gobore la Shamba Mlangoni pa Nyumba

Liko swali lizungukalo katika vijiji vya Masasi na Newala, wala halisemwi kwa sauti kubwa. Huulizwa barazani baada ya chakula cha jioni, au kibandani kwa fundi wateja wengine wakiisha kuondoka. Swali lenyewe ni hili: mtu aliye na gobore la kulinda shamba, je, ni halali kwake kulirekebisha liwe la kulinda nyumba, yaani mtutu ukatwe, kitako cha mti kipunguzwe, lipate kukaa chini ya kitanda na kushikika kwa mkono mmoja gizani? Wako wajibuo upesi kwamba ni halali, maana kila baba ana haki ya kuwalinda watoto wake. Na wako wajibuo upesi vilevile kwamba ni dhambi, maana Amri ya Tano yakataza kuua. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yametolewa kwa haraka mno. Jambo hili lahusu uhai wa mtu, basi lataka kufikiriwa polepole.

Kwanza yatupasa kuitendea haki bunduki yenyewe. Msomaji wa mjini asikiapo neno gobore hufikiri habari za majangili na wanyang'anyi. Lakini kwa mkulima wa kusini gobore limekuwa chombo cha shamba, kama jembe na panga. Hushindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha marisau, kisha fataki huwekwa mahali pake, nalo hulia mara moja tu, ndipo kazi yote huanza upya. Mtutu wake mara nyingi ni wa bomba la chuma, kazi ya mhunzi. Bali kitako chake ni cha mti mgumu, kilichochongwa kwa tezo na patasi kimkae begani mtu aliyeagiza. Na kwa kuwa watu wa huko hufuata ukoo wa mama, si ajabu bunduki ya namna hiyo kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, ikahesabiwa kuwa urithi wa heshima.

Wala kazi yake si ya mzaha. Nguruwe mwitu huweza kumaliza shamba la mihogo kwa usiku mmoja, na nyani hula mahindi mchana kweupe. Ndiyo maana watu hulala shambani juu ya dungu wakati wa mavuno. Na huko nako iko hatari kubwa kuliko njaa. Wataalamu waliochunguza habari za simba walao watu katika Tanzania walitangaza mwaka 2005 kwamba tangu mwaka 1990 hata 2004 watu zaidi ya 560 waliuawa na simba, na wengine zaidi ya 300 walijeruhiwa; na mikoa ya kusini ilikuwa miongoni mwa ile iliyopatwa zaidi. Walionyesha pia sababu: nguruwe mwitu hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na mtu aliyelala shambani kuwafukuza nguruwe hukutwa njiani. Basi mtu asimcheke mkulima apendaye bunduki yake. Yeye hakuitafuta kwa kiburi. Aliitafuta kwa sababu ya chakula na uhai.

Tena hofu ya kuvamiwa nyumbani si jambo geni katika nchi hiyo. Masasi ilianza kuwa kituo cha misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Kanisa la Kianglikana alipowaweka hapo watu waliokombolewa katika utumwa. Miaka 6 baadaye, mwaka 1882, Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara, waliishambulia. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na misheni ikahamia Newala kwa chifu Matola. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni yetu ya Nyangao ilichomwa moto. Na katika siku zetu wenyewe, Oktoba 2020, watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakakishambulia kijiji cha Kitaya katika mkoa wa Mtwara. Tena uko msimu wa korosho, ambapo wezi hujua, kama ajuavyo kila mtu, kwamba wakulima wamepata fedha. Mwenye kusema kwamba hofu hizi ni za bure hajakaa huko.

Basi, je, mtu anayo haki ya kujilinda? Anayo. Twajua kwamba Mtakatifu Augustino, katika barua yake kwa Publicola, hakupendezwa na mtu wa kawaida kumwua mwingine kwa kuokoa nafsi yake mwenyewe. Mawazo yake yalikuwa kwamba uhai wa dunia hii si kitu cha kushikiliwa kwa bei yoyote. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino aliyekuja baadaye alieleza jambo kwa kulipambanua zaidi. Mtu ajilindaye, alisema, akusudia kuokoa uhai wake. Na ikiwa yule mshambuliaji afa, kifo hicho chaweza kuwa nje ya makusudi yake, mradi nguvu aliyoitumia haikuzidi haja. Ikizidi haja, tendo huwa baya. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yaongeza kwamba kwa mwenye dhamana juu ya maisha ya wengine, kuwalinda si haki tu bali ni wajibu mzito. Kwa hiyo wale wajibuo kwamba kila ulinzi wa nguvu ni dhambi wamekosea. Baba aonaye panga limeinuliwa juu ya mtoto wake, akatumia alicho nacho kulizuia, sisi hatuwezi kumhukumu.

Lakini hapa ndipo wengi husimama, wakidhani hoja imekwisha. Haijakwisha. Haki ya kujilinda si haki ya kushika silaha yoyote ile, wala ya kuitayarisha kwa namna yoyote ile. Angalieni jinsi Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Kutoka sura ya 22, ilivyolipambanua jambo hili tangu zamani sana. Mwizi akikutwa akivunja nyumba usiku, akapigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Bali jua likiisha kuchomoza, akamwua, hatia ya damu iko juu yake. Kwa nini? Mwizi ni yule yule, nyumba ni ile ile, na mali ni ile ile. Kilichobadilika ni mwanga. Usiku mwenye nyumba haoni. Hajui kama aliyeingia amekuja kuchukua mbuzi au kuchinja watu, wala hajui kama yuko mmoja au wako kumi. Mchana aona, na mtu aonaye hana tena udhuru wa asiyeona.

Twawaomba wasomaji wetu walitafakari neno hilo, maana ndilo shina la mambo yote tunayotaka kusema. Sheria haikumsamehe mtu kwa sababu mali yake ni ya thamani. Ilimsamehe kwa sababu ya giza. Basi mtu awezaye kuliondoa giza, akakataa kuliondoa, atajitetea kwa udhuru gani? Wakati wa Musa giza halikuwa na dawa ila mafuta na utambi. Leo nyumba nyingi za Masasi na Newala zina taa ya umeme, au taa ya jua iwekwayo juu ya bati, au tochi, au simu yenye mwanga. Mwenye kuwasha taa ameuleta mchana ndani ya nyumba yake, na sheria ya mchana imeanza kumfunga. Kwa maneno mengine, wajibu wa kwanza wa mlinzi wa nyumba ni kuona, na wajibu wa kupiga, kama upo, huja baadaye sana.

Na tufikiri, ni nani hasa huja mlangoni pa nyumba ya kijijini usiku wa manane? Mara moja katika miaka mingi huenda akaja mnyang'anyi. Lakini huja pia kijana wa nyumba aliyechelewa ngomani, ambaye aogopa kumwamsha baba yake na hivyo asukuma mlango polepole. Huja mlevi aliyepotea njia, adhaniye kwamba amefika kwake. Huja jirani ambaye mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Huja mjumbe wa msiba. Huja mwenye akili punguani, ambaye kijiji kizima chamjua na kumhurumia. Hao wote, gizani, hufanana na mwizi. Wazee wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mtu aliyeshtuka hatofautishi nyoka na ukindu. Kama mkononi mwake mna fimbo, ung'ongo utapigwa bure na kesho atachekwa. Kama mkononi mwake mna gobore, kesho kutachimbwa kaburi.

Sasa turudi kwenye swali la msumeno. Kitako cha bunduki ni cha nini? Wengi hudhani ni cha kushikia tu. La, kitako ndicho kiletacho jicho kwenye mstari wa mtutu. Mwindaji huinua bunduki, hukiegemeza kitako begani, hushusha shavu lake juu ya mti, ndipo hutazama. Na katika kitambo kile kifupi hujua kama ni nguruwe aliye mbele yake au ni mwanamke aliyeinama kuchimba mihogo. Mara ngapi mwindaji ameishusha bunduki yake bila kuipiga, akamshukuru Mungu! Basi akatapo kitako ili bunduki ipigwe kutoka kiunoni, mtu huyo amekata kitambo kile. Ameliondoa jicho, akaacha kidole peke yake. Na akatapo mtutu, marisau hutawanyika mapema zaidi na hayachagui. Chumba cha nyumba ya kijijini ni chembamba, kiambaza chake ni cha fito na udongo, na upande wa pili wa kiambaza wamelala watoto. Mtu atasema amelitengeneza gobore lake liwalinde watoto. Kumbe amelitengeneza liwe hatari kwao kwanza.

Liko pia jambo la moyo, nalo ni zito kuliko la chuma. Bunduki ya shamba ilipotengenezwa, fundi alimfikiria nguruwe. Bunduki iliyokatwa, mwenye kuikata alimfikiria mtu. Huyo mtu hajafika bado. Hana jina wala uso. Labda hatafika kamwe. Lakini kesi yake imekwisha kusikilizwa, na hukumu yake yangoja chini ya kitanda. Mtakatifu Thomas alimwachia huru yule ambaye kifo kilitokea nje ya makusudi yake. Je, aliyeketi mchana kutwa na msumeno, akipima urefu ufaao kumpigia mtu chumbani, aweza kusema kwamba kifo kilikuwa nje ya makusudi yake? Hatusemi kwamba hawezi kamwe. Twasema ajiulize kabla hajaushika msumeno, maana baada ya hapo kujiuliza kutakuwa kugumu zaidi.

Sheria ya nchi nayo yasema hivyo hivyo kwa lugha yake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yaitambua haki ya mtu kujilinda na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu iliyo ya kiasi kulingana na hatari. Na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi yakataza kumiliki au kutengeneza silaha bila kibali. Wajue hili hasa wale waliorithi magobore: mjomba akifa, bunduki yaweza kuwa urithi, lakini kibali chake si urithi. Mpwa aliyeificha darini kwa sababu ni kumbukumbu ya marehemu amejitia hatarini bila kujua. Serikali imetoa zaidi ya mara moja muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, bila mtu kushtakiwa. Na hata pasipo tangazo, njia ya heshima ni kwenda kwa viongozi wa kijiji na polisi mapema, kabla wao hawajaja.

Twajua tutakavyojibiwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kituo cha polisi kiko mbali, barabara ni ya mchanga, na mnyang'anyi hangoji. Neno hili ni la kweli, wala hatutaki kulipita kando. Lakini lina majibu mawili. La kwanza, kwa hatari kubwa kama ile ya Kitaya, gobore lililokatwa si ulinzi. Lalia mara moja tu, na mwenye kulipiga huwa amejionyesha mahali alipo. Hatari ya namna hiyo ni kazi ya jeshi la nchi, na wajibu wa raia ni kutoa habari mapema. La pili, kati ya polisi aliye mbali na bunduki iliyo chini ya kitanda, mna mambo mengi ambayo mtu mwenye hofu huyaruka.

Wazee wa uwanda wa Makonde walijua sana habari ya kujilinda. Zama zile za biashara ya watumwa na mashambulio ya Wangoni walijenga makazi yao juu ya uwanda, ndani ya vichaka vizito ambavyo njia zake ni nyembamba na za kupinda, mbali na mabonde yenye maji. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliyaona makazi hayo na kuyaandika. Gharama yake ilikuwa kubwa: wanawake walishuka mteremko mrefu kwenda kuteka maji na kuupanda tena na mitungi kichwani, siku zote za maisha yao. Ndivyo ulinzi wa kweli ulivyo. Hudai jasho la kila siku, na hudai watu wengi kwa pamoja. Bunduki iliyokatwa yapendeza kwa sababu yaonekana kuwa ulinzi wa rahisi, wa mtu mmoja, usiodai kitu ila saa moja kwa fundi. Ulinzi wa rahisi namna hiyo mara nyingi hulipiwa na mwingine.

Basi mwenye hofu afanye nini? Aanze na mlango: mbao imara na komeo la ndani humchelewesha mwizi, na mwizi aliyecheleweshwa hukimbia. Awe na taa, na taa moja iwe nje. Awe na mbwa. Fedha za korosho asizilaze nyumbani. Siku hizi malipo ya wakulima hupitia benki, basi yule azitoaye zote mara moja na kuzifunga katika kanga amemwita mwizi mwenyewe. Kuliko yote, adumishe ujirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, watu wa Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu. Na ingawa vikundi vile vilikuwa na makosa yao, hata vingine vikajifanya mahakimu, nguvu yao ya kweli ilikuwa kwamba yowe moja liliwatoa watu wote nje. Mahali ambapo yowe bado huitikiwa, mtu hahitaji sana bunduki. Na mahali ambapo yowe haliitikiwi tena, kuna ugonjwa ambao bunduki haiuponyi. Ni budi kujiuliza: jirani yangu akipiga yowe usiku huu, mimi nitatoka?

Neno moja na mafundi. Ninyi mliojaliwa mikono ya kuchonga mti na kufua chuma, mwenzenu akija jioni na gobore la marehemu mjomba wake akitaka mlikate, msiseme kwamba ninyi ni mafundi tu na matumizi ni yake. Kazi ya mikono yenu itakwenda mahali ambapo ninyi hamtakuwapo. Mwulizeni ataka kumpiga nani. Akisema nguruwe, mwambieni nguruwe hauawi kwa bunduki isiyo na kitako. Akinyamaza, rudisheni bunduki yake, mkakae naye mzungumze habari ya hofu yake, maana hofu hiyo ndiyo iliyomleta.

Hatutaki mtu yeyote alale akiogopa, wala hatuwadai wazazi wajitoe wao na watoto wao kwa waovu kama kondoo. Mwenye bunduki halali na ailinde mihogo yake, na Mungu amlinde yeye na simba. Lakini bunduki ya shamba ikae katika umbo la shamba, na ndani ya nyumba litangulie jicho. Wangoni walikuja Masasi mwaka 1882 na mikuki. Leo Mngoni hushuka Masasi katika basi, hubisha hodi, hukaribishwa akala. Watu wa Masasi wa siku zile wangeambiwa hayo wasingaliyasadiki. Mtu abishaye hodi usiku huu hatujamjua bado. Tumtazame kwanza.